Kuvuma, Kugonga, Kuteleza: Lugha ya Gereji na Ukarabati Nafuu wa Land Rover Kuukuu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mmiliki wa gari kuukuu, hata hivyo, tatizo la kwanza si kuuziba ufa bali kujua ulipo. Mmiliki anayefika gerejini na kusema kwamba giaboksi imekufa, yamkini ataondoka amenunua giaboksi nzima. Mwenzake anayeeleza kwamba giaboksi inavuma katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha inanyamaza katika gia ya nne, huenda akanunua beringi tu. Makala haya yanaeleza namna mfumo wa kupitisha nguvu wa Land Rover ya zamani iliyobadilishwa injini unavyofanya kazi, unavyoharibika, na unavyoweza kukarabatiwa bila kumfilisi mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba unafuu huanza pale ugonjwa unapotajwa kwa kitenzi chake sahihi.

Safari ya nguvu

Land Rover ilizinduliwa jijini Amsterdam mwaka wa 1948, na matoleo yake ya awali, yanayojulikana kama Series, yaliendelea kuundwa hadi mwaka wa 1985. Baadhi ya yale yaliyosalia nchini Kenya hayana tena injini yake ya asili ya lita 2.25. Yamewekewa injini za dizeli za Kijapani, springi zilizoinuliwa na magurudumu makubwa.

Nguvu ya injini hupitia klachi, ikaingia katika giaboksi, kisha katika giaboksi saidizi ambayo huchagua mwendo wa juu au wa chini na kuipeleka nguvu hiyo nyuma, au nyuma na mbele kwa pamoja. Kutoka hapo huchukuliwa na propela hadi kwenye difu, na difu huigawa kwa hafushafti mbili, yaani vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu.

Katika Series III, gari likiwa katika gia ya kwanza na mwendo wa chini, injini huzunguka takriban mara 40 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu ya kusokota nayo huongezeka kwa kiwango kinachokaribia hicho kabla ya kugawanywa kwa magurudumu. Kwa hivyo, nyongeza ndogo inayoletwa na injini mpya huwa mzigo mkubwa mwishoni mwa safari. Magurudumu makubwa huuzidisha mzigo huo. Si ajabu, basi, kwamba kinachovunjika mara nyingi ni chuma kilicho mbali kabisa na injini.

Vitenzi vitano vya uchunguzi

Kuvuma. Katika gia ya nne, nguvu hupita moja kwa moja ndani ya giaboksi bila kupitia shafti ya chini. Uvumi ukisikika katika gia tatu za kwanza na kupotea katika ya nne, beringi za shafti hiyo ndizo za kushukiwa. Ukisikika katika gia zote, uchunguzi huhamia kwenye giaboksi saidizi, difu au beringi za magurudumu. Hata hivyo, kabla ya kufungua chochote, kiwango cha oili hupimwa kwanza. Giaboksi, giaboksi saidizi na kila difu ina oili yake, aina ya EP90. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa huashiria kwamba maji yameingia, pengine wakati gari lilipovuka mto.

Kugonga. Hii ni sauti inayosikika dereva anapoachilia klachi au anapoondoa mguu kwenye kichapuzi. Gari huegeshwa mahali tambarare, injini huzimwa, na magurudumu huzuiwa kwa mawe mbele na nyuma. Breki ya mkono ikiwa imefungwa, fundi huishika propela ya nyuma na kuisokota kwa mikono. Ikicheza kwenye kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi, basi ni hicho kinachobadilishwa, nacho ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini. Kisha breki hufunguliwa, gia ikiwa huru, na propela husokotwa tena. Ikizunguka kwa kadiri kubwa kabla ya kuzuiwa na magurudumu, meno ya difu au ya hafushafti yamelika.

Kutetemeka. Propela ina sehemu mbili zinazoingiliana na kuteleza. Fundi akiitenganisha na kuirudisha bila kuweka alama, panda za ncha mbili huenda zisilingane, na gari likatetemeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Dawa yake ni kuichomoa, kuzilinganisha panda hizo na kuirudisha. Hakuna kipuri kinachonunuliwa. Ikiwa springi zimeinuliwa, pembe ya propela nayo huwa kali. Vipande vya chuma vyenye umbo la kabari, vikiwekwa kati ya springi na ekseli, huweza kuirekebisha.

Kuteleza. Injini inaponguruma ilhali gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Chini ya nyumba ya klachi mna tundu dogo. Likidondosha oili, sili ya injini au ya giaboksi imechoka, na sahani mpya ya klachi itaharibika iwapo sili haitabadilishwa. Katika gari lililobadilishwa injini kuna mshukiwa mwingine: bamba linaloiunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani. Bamba lisipokaa katikati sawasawa, shafti huzunguka kwa upogo na kumaliza beringi na klachi moja baada ya nyingine. Mkerezaji mwenye kipimo sahihi anapaswa kulikagua kabla ya vipuri vipya kununuliwa.

Kukatika. Hafushafti inapokatika, mlio mkali husikika na gari hukosa mvuto wa nyuma. Katika modeli nyingi za Series huweza kuchomolewa kwa kufungua bolti sita, bila hata kuondoa gurudumu. Vipande vyote vilivyovunjika ni lazima vitolewe ili visiharibu difu. Baada ya hapo gari laweza kuingizwa katika mwendo wa magurudumu manne na kurudi nyumbani polepole likivutwa na magurudumu ya mbele.

Wamiliki wengi hutamani hafushafti ngumu zaidi. Ni vyema wakumbuke kwamba kiungo dhaifu kikiimarishwa, udhaifu huhamia kwa kiungo kinachofuata, na difu ni ghali kuliko hafushafti. Njia nafuu ni kupunguza mzigo: magurudumu yote yawe ya ukubwa mmoja, na mwendo wa magurudumu manne usitumiwe kwenye lami kavu, kwa kuwa gari hili halina difu ya katikati ya kuyawezesha magurudumu ya mbele na ya nyuma kutofautiana mwendo kwenye kona.

Breki ya mkono

Unafuu usigeuke hatari. Katika Land Rover hizi, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela nyuma ya giaboksi saidizi. Hafushafti ya nyuma ikikatika au propela ikiondolewa, breki hiyo haina kinachoiunganisha na ardhi. Hali kadhalika, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliachia lizunguke, na gari laweza kuteremka likamponda aliye chini yake. Mawe chini ya magurudumu yaliyosalia si tahadhari ya waoga, ndiyo breki.

Kuna pia kazi isiyofaa kubanwa bei. Karakana za jua kali, kama zile za Kariobangi Light Industries jijini Nairobi, zaweza kukereza mabamba, bushi na kabari kwa ustadi. Hata hivyo, hafushafti iliyokatika haichomelewi, kwa sababu joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma na kukifanya kikatike tena. Hafushafti nzima iliyotolewa katika gari jingine ni bora kuliko iliyochomelewa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba nomino nyingi za gereji zimekopwa: giaboksi, klachi, difu, propela. Vitenzi, hata hivyo, ni vya Kiswahili kindakindaki: kuvuma, kugonga, kutetemeka, kuteleza, kukatika, kuvuja, kulika. Nomino hutaja kinachouzwa dukani, ilhali kitenzi hutaja kinachotendeka ndani ya gari. Mwanafunzi wa istilahi anayekusanya nomino pekee atapata orodha ya vipuri, lakini atakosa maarifa yanayomwezesha fundi kuutambua ugonjwa. Naye mmiliki anayemweleza fundi wake kitenzi, gia na wakati ambapo sauti ilisikika, amekwisha kuokoa sehemu ya gharama kabla ya spana kuguswa.