Kalenda ya bara yamponza mpanda asumini wa Chundwa

CHUNDWA, kijiji cha wavuvi na wakulima kisiwani Pate katika Kaunti ya Lamu, ni mahali ambapo ndoo ya maji matamu huhesabiwa kabla ya kumwagwa. Mche wa asumini au wa mhina uliopandwa wakati usiofaa hunywa maji hayo kwa majuma kadhaa, kisha hukauka, na mwenye nyumba akabaki bila maua na bila maji.

Hasara hiyo mara nyingi hutokana na tarehe wala si mkono wa mpandaji. Ushauri mwingi wa bustani unaosomwa nchini uliandikwa kwa kuzingatia nyanda za juu, ambako mvua ndefu huanza mwezi wa Machi na zile fupi Oktoba. Ule utokao Ulaya husema kichaka kihamishwe kati ya Novemba na Machi, wakati majani yamepukutika na mmea umelala kwa sababu ya baridi.

Visiwa vya Lamu havina baridi ya kulaza mmea. Miezi ya Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi ni ya jua kali na upepo wa kaskazi, na mvua huwa haba mno. Masika hushika Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote. Mvua za vuli ni hafifu, na anayezitegemea kuotesha mche hubahatisha.

Kiini cha jambo ni mizizi. Mmea unapong'olewa, nyuzi ndogo za mizizi zinazofyonza maji hukatika na kubaki ardhini, ilhali majani huendelea kupoteza maji hewani kama kawaida. Kipandikizi, yaani kipande cha tawi kilichokatwa ili kioteshwe, kimo katika hali mbaya zaidi kwa kuwa hakina mizizi kabisa. Kwa hiyo msimu unaofaa ni ule ambao hewa ina unyevu, mawingu yamepunguza jua, na udongo umeloa hadi chini.

Kwa Chundwa, wakati huo ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei. Mvua ya kwanza isimdanganye mtu, kwani hulowesha juu tu. Shimo lichimbwe kina cha mkono hadi kiwiko. Udongo wa chini ukiwa mbichi, kazi na ianze.

Hata hivyo, tarehe ya kukata vipandikizi si hiyo hiyo. Huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Kipandikizi cha asumini huchukua takriban mwezi mmoja hadi miwili kutoa mizizi, na huhitaji majuma mengine machache kukomaa. Anayetaka kupanda mwezi wa Mei hana budi kukata Februari au mapema Machi, na kulea vipandikizi vyake kivulini ndani ya makopo machache, ambako kikombe cha maji hutosha mahali ambapo shambani ingehitajika ndoo nzima.

Tawi linalofaa ni lile lisilo changa mno wala gumu kama kuni. Hukatwa alfajiri, kabla ya jua kulinyonya maji, kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi hupenda kuchipuka. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 wenye vifundo vitatu au vinne unatosha. Majani ya chini huondolewa, yakaachwa mawili ya juu.

Mchanga wa kuoteshea usichotwe ufukweni ukatumiwa hivyo hivyo, kwani chumvi iliyomo huunguza mizizi michanga. Uoshwe mara kadhaa kwa maji ya mvua. Samadi nayo isubiri. Kipandikizi kisicho na mizizi hakiwezi kuila, na kidonda chake huoza upesi. Kukifunika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga huhifadhi unyevu.

Si kila mmea unaohitaji malezi hayo. Mhina, unaostahimili ukame, na bogainvilia huota kwa vipande vilivyokomaa vya sentimita 20 hivi, na huweza kuchomekwa moja kwa moja ardhini masika yakikolea. Mkadi hupandwa kwa machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina.

Kuhamisha kichaka kikubwa ni kazi nyingine. Matawi hupunguzwa kwa thuluthi moja ili majani yaliyosalia yalingane na mizizi iliyosalia. Kichaka huchimbuliwa jioni pamoja na bonge la udongo wake, likafungwa kwa gunia lililoloweshwa, na kupandwa papo hapo kwa kina kile kile cha awali.

Baada ya hapo adui ni upepo. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti, na karibu na bahari hubeba chumvi. Mche wa Mei hukutana nao ukiwa bado mchanga, hivyo ukingo wa makuti husimamishwa upande wa kusini, na shina hufunikwa kwa majani makavu ili ardhi isikauke.

Maji ya visima vya kisiwani huwa na chumvi, na ya jabia ni ya watu kwanza. Maji ya udhu yaliyokingwa kwenye beseni hufaa sana, kwa kuwa hayana sabuni.

Ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua haikutimia katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, ulionyesha kwamba hata Mei huweza kumhaini mtu. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa makadirio ya masika kabla ya msimu kuanza. Yakionyesha mvua haba, busara ni kuviacha vipandikizi makoponi na kuahirisha kuhamisha kichaka hadi mwaka unaofuata.

Asumini iliyokosa kupandwa mwaka huu bado ina shina mama la kukatwa tena. Iliyong'olewa kiangazini haina, na harusi ijayo mwenye nyumba ataomba maua ya kikuba kwa jirani.