Namna ya Kuunda na Kuongoza Chama cha Wapenda Magari na Pikipiki



Palma na katika vijiji vya ghuba ya Tungue, vijana hukutana jioni kuosha pikipiki, kubadilishana vipuri na kubishana juu ya injini. Mapenzi hayo ni jambo jema. Lakini tangu shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, chombo kisichojulikana kikiingia kijijini huzua hofu, na kijana asiye na hatia huweza kudhaniwa vibaya. Chama chenye utaratibu hupunguza hofu hiyo, kwa kuwa wanachama wake hujulikana.

Msingi wa chama ni watu wanaofahamiana. Nchini Msumbiji, Sheria Na. 8/91 ya mwaka 1991 inataka waasisi wa chama wasipungue 10. Waandike katiba fupi inayotaja lengo, ada, muda wa uongozi na namna ya kumwondoa kiongozi. Mwenyekiti achaguliwe kwa uaminifu wake, si kwa ukubwa wa gari lake. Naye mweka hazina asome hesabu mbele ya wote.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la chama, kila chombo kiandikiwe jina la mwenyewe, namba ya usajili, rangi, namba ya injini na namba ya chasi. Mwizi hung'oa kibao cha usajili kwa dakika moja, lakini namba ya chasi imechongwa katika chuma. Kwa kawaida huwa na tarakimu na herufi 17, wala haitumii herufi I, O na Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi. Chombo kilichoibwa kikivushwa Namoto kwenda Kilambo, au kikipita Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Negomano na Mtambaswala, namba hiyo ndiyo itakayowawezesha polisi wa ng'ambo kukitambua.

Tunajua wapo wanaochelea daftari hilo lisije likageuzwa orodha ya washukiwa. Wasiwasi huo unastahili jibu. Daftari ni mali ya chama, na litunzwe na katibu. Chombo kikiibwa, mwenyewe apeleke kituoni maelezo ya chombo chake tu, wala si majina ya wenzake.

Mwanachama mpya adhaminiwe na wawili, naye aonyeshe leseni na livrete kabla ya kupokelewa. Kiongozi anayefumbia macho pikipiki ya bei rahisi isiyo na karatasi huwaweka wenzake wote mashakani. Aidha, mashindano ya mwendo kasi katika barabara za umma yapigwe marufuku, na kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya karibu.

Mwisho, chama si jeshi. Wanachama wasisimamishe wapita njia, wasiwapekue, wala wasimfukuze mtu. Wakiona jambo la kutia shaka, watoe taarifa kituoni na kurejea nyumbani salama. Anayetaka kuanzisha chama na afike kituoni. Tutamsaidia kusoma namba ya chasi na kupanga daftari lake la kwanza.