Hatari Haiishi Mlangoni

Mgonjwa akitolewa katika chumba cha upasuaji, sisi husema, "Bwana asifiwe, hatari imekwisha." Haijaisha.

Mwaka 2016 wanganga wa nchi 25 za Afrika, Kongo yetu ikiwamo, walifuata hali ya wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Hesabu ilitolewa mwaka 2018: kwa kila wagonjwa 100 walikufa kama wawili, mara mbili ya kadiri ya dunia. Walio wengi hawakufa mezani, bali baadaye, kitandani.

Basi wewe unayelala karibu na mgonjwa, angalia sana. Wauguzi ni wachache. Dawa ya usingizi haitoki mwilini upesi. Yaweza kupunguza pumzi. Ukiona anakoroma vibaya, haamki akiitwa, midomo inageuka rangi, damu inalowesha kitambaa, au homa inapanda, mwite muuguzi saa ile ile, hata usiku wa manane. Usione haya. Tena usimpe chakula wala maji mpaka aruhusiwe.

Omba, ndugu, lakini macho yako yawe wazi. Kukesha hivyo nako ni upendo.