Mikono Iliyoshika Damu

Mkufunzi alisimama chini ya mgunga pale Kambu, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa, akawauliza vijana wa polisi wa akiba: "Mwenzenu akiumwa na nyoka, huku kwenu mnamfanyaje?" Kijana mmoja aliyetoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, akajibu bila kuficha kitu. Tunamfunga kamba mguuni, akasema, tunamchanja kwa wembe, tunambandika jiwe jeusi mpaka linywe sumu. Mkufunzi akatikisa kichwa. "Basi jueni kwamba mila zenu ndizo zinazowamaliza."

Mimi nilikuwa kando na wanawake wenzangu wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tukikoroga muthokoi wa mchana. Niliwaona wale vijana wakiinamisha vichwa, watu wazima wanaoacha mashamba yao kwenda kulinda mpaka, na neno lile likanichoma kuliko moshi wa kuni.

Nianze kwa kumpa haki yake. Kuhusu nyoka hana kosa. Ukikaza kamba mguu ulioumwa na bafe, sumu inayooza nyama inabaki pale pale na mguu unakatwa. Ukichanja, unaongeza kidonda na kumwaga damu ambayo sumu imeshaizuia isigande. Jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa, na halinywi kitu. Mtu alazwe, atulizwe, kiungo kisichezeshwe, afikishwe upesi kwenye hospitali yenye dawa ya sumu. Swila akimtemea machoni, aoshwe kwa maji mengi. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na sisi wa nchi kame kati ya Kibwezi na Mtito Andei tulikuwa tumezika watu wengi kabla ya mwaka huo. Desturi ya wembe na jiwe acha ife. Sitaililia.

Lakini yeye hakusema "desturi hii". Alisema "mila zenu", zote, kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo tunapoachana.

Sisi Wakamba tumezoea kuelezwa na wengine. Ukifika Nairobi ukasema unatoka Kitui au Makueni, mtu anakuuliza kwa kicheko kama umebeba uchawi. Kabla ya hapo maofisa wa Kiingereza walikuwa wameandika kwamba Mkamba amezaliwa askari, kwamba vita viko damuni mwake, wakawajaza vijana wetu katika Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kuliko idadi yetu katika nchi ilivyostahili. Vita haviko damuni mwa mtu yeyote. Kilichowapeleka vijana wetu jeshini ni mvua iliyokataa kunyesha, kodi ya kichwa na mahari ya ng'ombe. Ukweli huo ulionekana mwaka 1938, serikali ilipoanza kuwanyang'anya watu mifugo kwa madai kwamba imezidi ardhi. Muindi Mbingu aliwaongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakakaa wiki baada ya wiki wakimtaka gavana awasikilize. Yeye walimhamishia Lamu, lakini ng'ombe wakarudishwa, kwa sababu wakubwa waliogopa kwamba askari waliokuwa kambini wangesikia baba zao wamefilisiwa. Kabila lililozaliwa kwa ajili ya bunduki lisingetembea hadi Nairobi kwa sababu ya ng'ombe.

Umau wangu, baba wa mama yangu, alikuwa mmoja wa vijana hao waliopelekwa jeshini, dresa huko Burma. Hakubeba bunduki sana. Alibeba machela, pamba, bendeji, na chupa za dawa zilizofungwa majani zisivunjike. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipowafuata Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua haikukoma, matope yalifika magotini, na malaria iliangusha watu kama risasi. Walimeza vidonge vya mepakrini mpaka ngozi zikageuka manjano. Alitusimulia hayo kwa sauti ya kawaida. Alichosimulia kwa sauti ya chini ni namna alivyorudi nyumbani.

Hakuruhusiwa kuingia boma. Mama yake alimwona akipanda kijia na sanduku la bati kichwani, akapiga vigelegele, lakini akasimama langoni na kumzuia kwa mkono. Mtu aliyeshika damu ya watu waliokufa kwa chuma alikuwa na thavu. Wageni hulitafsiri neno hilo kuwa uchafu, wengine laana, na yote mawili hayatoshi. Thavu si dhambi. Umau hakuwa amemkosea mtu. Alikuwa amewafunga majeruhi vidonda na kuwafumba macho waliokufa. Thavu ni kitu kinachomshika mtu kwa sababu amefika mahali ambapo binadamu hapaswi kufika, hata kama alifika kwa wema. Ukiingia nacho nyumbani kinawapata watoto, kinapata mbuzi, kinapata chungu cha chakula.

Basi wazee wakaitwa. Mbuzi akachinjwa nje ya lango, na majani yaliyokuwa tumboni mwake, yale ambayo hayajasagika bado, yakachanganywa na maji na mimea iliyochumwa asubuhi hiyo na mzee aliyeijua. Huo ndio ng'ondu. Mzee akachovya kichala cha matawi, akamnyunyizia umau kichwani, kifuani, na mwisho kwenye viganja. Kwenye viganja alikawia. Umau alisema mzee alishika mikono yake kwa muda mrefu, akaigeuza juu na chini, akanyunyiza katikati ya vidole, huku akitamka maneno ya kumwambia kwamba kazi ya mikono hiyo imekwisha, na kwamba sasa inarudi kushika jembe, kushika mtoto, kushika mkono wa mkewe. Ndipo mama yake akamwita jina lake. Mpaka dakika hiyo hakuna aliyekuwa amelitaja.

Nilipokuwa msichana nilidhani ni hadithi ya kupendeza tu. Leo naiona kuwa tiba. Watafiti wa kizungu waliokuja mapema, Hobley mwaka 1910 na Lindblom, yule Mswidi aliyechapisha kitabu chake kinene mwaka 1920, waliandika kuhusu ng'ondu na makatazo yetu. Waliorodhesha mimea na sehemu za mbuzi. Sijui kama kuna aliyemuuliza mtu aliyenyunyiziwa alivyojisikia alipoitwa jina lake.

Mkufunzi wetu alifundisha vizuri, sitamnyima hilo. Alimlaza kijana mmoja juu ya magunia, akammwagia rangi nyekundu ya chakula pajani, akawaonyesha wengine namna ya kukandamiza jeraha kwa kiganja na uzito wote wa mwili, kulijaza kitambaa, na damu ikikataa, kukaza mkanda upande wa juu wa jeraha, si kwenye goti wala kiwiko, kisha kuandika saa ulipokazwa. Akaonyesha kufunga banzi kwa fito mbili na shuka. Akaonyesha machela ya miti miwili na magunia mawili yaliyotobolewa pembeni, na hapo wanawake tuliangaliana, kwa maana ndivyo mwethya ulivyobeba wagonjwa wetu toka zamani. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku katika makazi ya Ngai Ndethya, ambayo jina lake maana yake ni "Mungu nisaidie", filimbi ilipigwa, na kila boma likatoa mtu. Wanne walibeba, wanne walitangulia na mienge wakiwatazamia ndovu waliotoka Tsavo, wanne walifuata ili wapokezane. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyebaki amelala kisha akapata uso wa kuamkia majirani. Huduma ya kwanza hatukuipata katika kijitabu.

Hata sumu tuliijua. Kivai, mti ambao Waswahili wanauita msunguti, wazee waliuchemsha siku nzima mpaka ukawa lami nyeusi, wakaupaka mishale na kuifunga ngozi laini ili isikauke na isimchome mwenye kuibeba. Sumu ya miti ya jamii hiyo inasimamisha moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliitoa kwenye mti wa aina hiyo, ikaitwa ouabain, na baadaye madaktari wa Ulaya wakaitumia kwa vipimo vidogo kutibu moyo huo huo. Mti wetu ulivaa koti jeupe huko, na hapa unaitwa ushenzi.

Kuna mengine sitayatetea. Kuchonga meno kulikwisha na kukwisha kwake ni sawa. Kithitu, kiapo kinachosemwa kuua ukoo, kibaki kwa wazee wanaokiogopa.

Lakini ng'ondu unaniuma, na nitasema kwa nini. Tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka na kuingia Somalia, vijana wa sehemu hizi wameenda na kurudi, na wengine wamerudi ndani ya bendera. Wanaorudi wazima wanashuka kwenye matatu pale stendi ya Kambu na mkoba mgongoni, wanaingia nyumbani moja kwa moja, wanapewa chai, televisheni inawashwa. Hakuna anayewazuia langoni. Hakuna anayewashika viganja. Yuko mmoja, jirani yangu, ambaye hawezi kulala bila taa, na mkewe amezoea kumwamsha kwa kumwita kutoka mlangoni, asimkaribie. Alikuwa mbeba majeruhi. Hakuna alichofanya ila kuokoa watu. Kanisani tumemwombea, na maombi ni mema, lakini tulimwombea akiwa ameketi benchi la nyuma, hakuna aliyemgusa.

Watasema hospitalini kuna washauri nasaha. Wako, mbali, na foleni. Watasema pia ng'ondu ni upagani. Mzee aliyemnyunyizia umau alimtaja Mulungu, Muumba, na sioni alichoharibu kwa kumwambia askari kwamba mikono yake imerudi nyumbani. Kilichonisikitisha kwa mkufunzi ni kwamba alikuwa na saa nane za kuwafundisha vijana kugusa damu, na hakuwa na hata dakika moja ya kuwaambia wafanye nini baada ya kuigusa. Sisi tulikuwa nayo hiyo dakika. Ndiyo aliyoitupa pamoja na wembe na jiwe jeusi.

Jua lilipoinama kuelekea Chyulu, mafunzo yakaisha. Vijana walikuja jikoni kunawa, mikono myekundu mpaka vifundoni. Yule wa ng'ambo ya Athi alibaki wa mwisho. Jerikani lilikuwa tupu, kwa hiyo nikachukua maji ya kibuyu changu, akakinga viganja, nikaanza kumimina polepole. Ghafla nikajikuta nikitamka kwa Kikamba maneno ambayo umau aliniambia mara nyingi nilipokuwa mdogo. Nilisema sentensi mbili. Ya tatu ikanitoka kichwani.

Kijana hakutoa mikono yake. "Endelea, mwaitu," akasema, akiniita mama.

Nilisimama na kibuyu, nikiyatafuta. Halafu nikammiminia maji yaliyobaki.