Ngumi zetu: kweli au uongo?

Mwaka 2022 Karim Mandonga, "Mtu Kazi", alikuja Songea na maneno mengi, akapigwa na Shabani Kaoneka. Tangu hapo vijiweni kila mtu ni mjuzi wa ngumi. Basi tuyapime yanayosemwa.

*Bondia akishapigwa, jina lake limekwisha.* Uongo. Januari 2023 Mandonga huyohuyo alimshinda Daniel Wanyonyi kwao Nairobi.

*Kabla ya hawa wa sasa Tanzania haikuwa na mabondia.* Uongo, na huu unaniuma. Mwaka 1970 kule Edinburgh, Titus Simba alifika fainali ya uzani wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akarudi na medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh, ambaye miaka 4 baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Mwaka 1998 huko Kuala Lumpur, Michael Yombayomba akaleta dhahabu. Dhahabu! Ni vijana wangapi wa Songea wanaolijua jina hilo? Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya 2 mjini Birmingham mwaka 2018, njia ilikuwa imeshafyekwa.

*Ngumi zilituletea medali ya Olimpiki.* Uongo. Medali zetu 2, za Moscow 1980, ni za wanariadha Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

*Zanzibar ngumi zilipigwa marufuku.* Kweli. Zilizuiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na ulingo ukarudi rasmi mwaka 2023.

*Glovu humkinga anayepigwa.* Uongo, tena wa hatari. Mtazame bondia akijiandaa: bendeji inazungushwa kifundoni, inapita katikati ya vidole, inarudi kufunika vifundo vya ngumi, ndipo glovu inavaliwa. Kinachokingwa hapo ni mkono wa mpigaji. Mkono usioumia hupiga kwa nguvu zaidi, tena mara nyingi zaidi, na ubongo wa mwenzake hutikisika ndani ya fuvu hata kama usoni hakuna jeraha.

Kwa hiyo mzazi, kijana wako akitaka kuingia ulingoni usimkatalie kwa hofu tu. Nenda kamwone mwalimu wake, umuulize: siku ya pambano daktari anakuwepo? Na kijana akianguka kwa ngumi ya kichwa, anapumzishwa muda gani kabla ya kuvaa glovu tena? Asipokuwa na jibu, mtafutie mwalimu mwingine.