Ubelgiji na Wayuda: Fundisho kwa Sisi wa Ituri

Kila Ijumaa Kuu tunasoma Mateso ya Bwana katika Injili ya Yoane, na neno «Wayuda» linarudi mara nyingi. Wakristu wengine wanatoka kanisani wakisema: «Wayuda ndio waliomuua Yezu.» Je, sisi wenye kazi ya kufundisha tuwajibu nini? Tutazame habari za inchi tunayoijua, ile iliyotawala Kongo: Ubelgiji. Hapo tutaona neno kama hilo linaweza kufikisha watu wapi.

1. Uongo wa zamani

Mwaka wa 1370, katika muji wa Bruxelles, Wayuda walishitakiwa kwamba wameiba hostia takatifu na kuzichoma kwa visu. Walikamatwa, wakateketezwa kwa moto. Kwa miaka mamia wakristu wakafanya maandamano ya «Sakramenti ya Muujiza», na vioo vya rangi vya Katedrali vinaonyesha hadisi hiyo hata leo. Ni mwaka wa 1968 tu, nyuma ya Mutaguso Mukuu, wakubwa wa Jimbo Kuu la Malines-Bruxelles walitangaza kwamba mashitaka yale hayakuwa ya haki, na muujiza ule ni hadisi tu. Mwaka wa 1977 kibao cha kueleza hayo kikawekwa ndani ya Katedrali. Uongo mumoja, miaka 600!

2. Daftari, nyota, treni

Wadachi waliingia Ubelgiji mwezi wa Mei 1940. Inchi ilikuwa na Wayuda kama 66,000, karibu wote wageni waliokimbia taabu za kwao. Tarehe 28 Oktoba 1940 Wadachi waliamuru Wayuda waandikwe katika daftari la pekee. Wakubwa wa kazi za serikali ya Ubelgiji walijibu kwamba katiba yao inawakataza kutoa amri ya namna hiyo. Lakini hawakukataza kuitimiza. Basi makarani wa miji wakaandika majina. Kalamu ilitangulia, bunduki ikafuata.

Mwaka wa 1942 ikaja amri ya kuvaa nyota ya manjano. Hapa tuangalie miji miwili. Wakubwa wa Bruxelles walikataa kugawanya nyota zile. Wakubwa wa Anvers walizigawanya, na mwezi wa Agosti polisi wao wakasaidia kukamata watu usiku. Tangu Agosti 1942 mpaka Julai 1944, treni 28 zilitoka kambi ya Dossin, kule Malines, zikichukua Wayuda zaidi ya 25,000, wengi sana mpaka Auschwitz. Waliorudi hawakufika 1,500. Katika Anvers walichukuliwa kama wawili kwa kila watatu. Katika Bruxelles, zaidi kidogo ya mumoja kwa kila watatu. Kukataa kwa wakubwa si sababu peke yake ya tofauti ile; lakini nani atasema kwamba hakukuwa na maana?

Wako pia waliookoa. Padri Bruno Reynders, mumonaki wa Mutakatifu Benedikto, alificha Wayuda wapata 400, wengi wao watoto, katika nyumba za watawa na za wakristu. Padri Joseph André alifanya vile vile katika Namur. Tarehe 19 Aprili 1943 vijana watatu, wenye bastola moja na taa moja, walisimamisha treni ya 20. Usiku ule watu zaidi ya 200 waliruka na kukimbia.

Siku zile wachimbaji wa Kilo-Moto walikuwa wakitoa zahabu chini ya udongo wetu, na mali ya Kongo ilisaidia kulipa serikali ya Ubelgiji iliyokimbilia London. Habari hizi si za mbali na sisi.

Mwaka wa 2012, kule Malines, Waziri wa Kwanza Elio Di Rupo alikiri mbele ya watu kwamba wakubwa wa Ubelgiji walishirikiana katika ubaya ule.

3. Inchi ya Israeli

Tarehe 29 Novemba 1947, katika Umoja wa Mataifa, Ubelgiji ilikubali Palestina igawanywe, na nyuma yake ikapatana na inchi mupya ya Israeli. Lakini mapatano yale hayakuzuia mabishano. Mwaka wa 2001 Wapalestina waliookoka katika mauaji ya Sabra na Shatila ya mwaka wa 1982 walimushitaki Ariel Sharon kule Bruxelles. Mwaka wa 2003 Ubelgiji ilibadilisha sheria yake, shauri likaisha. Inchi yetu nayo ilivunja urafiki na Israeli mwaka wa 1973, ikaurudisha mwaka wa 1982. Hayo ni mambo ya serikali. Serikali yoyote inaweza kusifiwa ao kulaumiwa kwa matendo yake. Lakini tarehe 24 Mei 2014 mutu mumoja aliingia na bunduki katika Jumba la Makumbusho ya Wayuda kule Bruxelles, akaua watu wanne. Wale wanne walikuwa wamefanya nini?

4. Tufundishe nini?

Kwanza: Yezu, Mama yake na Mitume ni Wayuda. Pili: Katekismu ya Mutaguso wa Trento ilikwisha kufundisha kwamba zambi zetu ndizo zilizomutundika Bwana musalabani. Tatu: tarehe 28 Oktoba 1965 Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika «Nostra Aetate», ulisema kwamba Mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayuda wote wa wakati ule, wala juu ya Wayuda wa leo. Katekista asiyelisema hilo anaacha mulango wazi.

Sisi wa Ituri tunajua mulango ule unafika wapi. Tangu 1999 mpaka 2003, katika vita ya Wahema na Walendu, watu waliulizwa kabila mbele ya kuulizwa jina. Katika Mongbwalu, na hapa Kilo, wengi walikufa kwa sababu ya jibu lao. Waliouawa na waliowaua, wengi walibatizwa. Wengi walikwisha kusikia Mateso ya Bwana kila mwaka.

Basi, mutu akisema mbele yetu «Wayuda ndio», ao «Walendu ndio», ao «Wahema ndio», tumuulize: «Nani? Jina lake nani? Alifanya nini?» Mungu atahukumu kila mutu kwa matendo yake, si kwa tumbo lililomuzaa.