Mgongo Wako na Ndoo ya Maji

Je, msomaji, ukitoka kuchota maji unasikia maumivu katikati ya mabega? Hauko peke yako. Hapa Kingolwira, uchote bombani, kisimani au Mto Ngerengere, uzito ni uleule.

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe! Ukiibeba kwa mkono mmoja, mwili unapinda na misuli ya upande wa pili inavuta ili usianguke. Ukiibeba kichwani, hata kwa ngata, mzigo unashukia shingoni. Misuli isipopumzika inakaza na kuuma.

Sasa ufanyeje?

• Beba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono.
• Ukinyanyua, kunja magoti, siyo mgongo. Mzigo uwe karibu na mwili.
• Kama kuna baiskeli au toroli, tumia. Na wewe kaka, kuchota maji siyo kazi ya dada peke yake!
• Vuta mabega nyuma, hesabu mpaka 5, legeza. Rudia mara 10.
• Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Usilale kutwa, tembea.

Usimeze dawa za maumivu kila siku kimyakimya. Mikono au miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukikutoka wenyewe, wahi hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yakija na homa na kukonda, kapime: huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kinatibika. Usione aibu, sema nyumbani mapema.